Lubumbashi hadi Likasi kwa kinga (baiskeli): siku ya kwanza ya safari ya Kolwezi (hesabu, mizigo, malori, maji)

Fundi_wa_Katuba (mwanzisha uzi)

Jamboni nyote. Kundi la watu 12 linajitayarisha kwenda Kolwezi kwa kinga mwezi wa saba, kupitia Likasi. Kinga saba ni VTT (kinga za milimani, zenye gia) za inchi 26, nne ni zile nzito za inchi 28 zisizo na gia, moja ni ya mbio yenye tairi nyembamba. Nafungua uzi huu kwa ajili ya siku ya kwanza peke yake. Makundi huvunjikia siku hiyo, na chanzo karibu kila mara ni hesabu iliyopigwa kwa mwendo wa mwenye nguvu kuliko wote.

Kwa hiyo tuanze na hesabu. Likasi iko kilometa kama 120. Mwezi wa saba jua letu linachomoza karibu saa 12 na nusu asubuhi na kuzama karibu saa 12 jioni. Mwanga wote ni saa 11 na nusu. VTT yenye mzigo wa kilo 12, ukihesabu vilima, inakwenda wastani wa kilometa 15 kwa saa: hizo ni saa 8 za kukanyaga. Weka dakika 10 za kupumzika kila saa, saa moja ya kula, na muda wa pancha mbili tatu. Umefika saa 11 au 11 na nusu. Inaingia kwenye mwanga, ila nafasi inayobaki haizidi saa moja.

Sasa kinga ya inchi 28 yenye mzigo ule ule. Kilometa 12 kwa saa ni mwendo wake wa haki. Saa 10 za kukanyaga tupu, bila hata kushuka kunywa maji. Haiingii. Kundi lenye kinga hata moja ya namna hiyo lilale Luisha, ambako ni karibu theluthi mbili ya njia. Linafika saa 9 au 10 alasiri, watu wana nguvu ya kupika na kukaza nati. Likasi mnaingia kesho yake kabla ya saa 6 mchana. Safari inaongezeka siku moja. Mimi naona siku hiyo ni rahisi kuliko kumtafuta mtu gizani kwenye RN1, barabara kuu ya taifa.

Kuna mambo mawili ambayo hesabu hiyo haionyeshi.

La kwanza ni upepo. Kiangazi upepo wetu unatoka mashariki na kusini-mashariki, na Likasi iko kaskazini-magharibi. Yaani unakusukuma mgongoni. Saa mbili za kwanza kila mtu anajiona hodari, kundi linakwenda 20 bila kutaka, na wenye inchi 28 wanalifuata kwa kuona aibu. Kufika kilometa ya 60 mapaja yao yamekwisha. Mtu wa mbele asizidi 15 hadi kilometa ya 40, hata kama kinga inataka kukimbia yenyewe. Kipimo ni mdomo: kama mtu wa mwisho hawezi kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, mwendo ni mkubwa.

La pili ni jua. Alasiri linashuka mbele yenu kabisa. Ninyi linawachoma macho, lakini hatari iko nyuma: dereva wa lori anayewafuata analiona jua hilo hilo kwenye kioo chenye vumbi, na ninyi mmekuwa kivuli cheusi kwenye mwanga. Hii ndiyo sababu nasema kufika ni saa 11, wala si saa 12.

Mambo ya kukagua kinga nitaandika chini. Wenye kuijua barabara, karibuni.

Dereva_RN1

Aksanti kwa kuanza na saa, yaya (mkubwa wangu). Mimi niko upande wa usukani wa lori, nitasema jinsi kinga inavyoonekana kutoka juu.

Chukua lami yenye upana wa mita 7. Lori lina mita 2.5, ukiongeza vioo linakaribia 3. Malori mawili yakipishana yamekula mita 6. Inabaki nusu mita kila upande, na usukani wa kinga peke yake ni sentimeta 60. Hakuna nafasi ya mtu wa tatu. Kwa hiyo ukiona lori linakuja mbele na kusikia jingine nyuma, usipige hesabu ya kupenya: toka kwenye lami mapema, wote pamoja. Lori lililojaa shaba halisimami kwa sababu dereva ana huruma; breki zinahitaji mita nyingi, na akikwepa ghafla tela ndilo linalofagia ukingo.

Jambo la pili ni urefu wa mstari wenu. Kinga 12 zikifuatana kwa mita 2 ni mstari wa zaidi ya mita 40. Lori linalokwenda 60 likiwapita ninyi mnaokwenda 15 linakaa upande wa kushoto kama sekunde 7, na ndani ya sekunde hizo linasafiri zaidi ya mita 100. Anayekuja mbele kwa mwendo huo huo anakula mita 100 nyingine. Sehemu zenye vilima na kona dereva hazioni hizo mita 200. Akikwama katikati atarudi kulia, na kulia ndiko mlipo. Gawanyeni watu sita sita, na kati ya makundi muache mita 200 au zaidi, ili lori lipate mahali pa kurudi.

Halafu ule upepo wa lori. Likianza kukupita linakusukuma nje, likikaribia kumaliza linakuvuta ndani. Anayeanguka huangukia kwenye mvuto wa pili, kwa sababu alikuwa amejikaza kupigana na msukumo wa kwanza. Legeza viwiko, shika usukani kwa mikono miwili, usinywe maji wala kugeuka nyuma hadi tela la mwisho lipite.

Honi fupi moja kutoka mbali ni «niko hapa». Honi ndefu isiyokatika ni «sina nafasi, toka». Usimjibu dereva kwa mkono, toka tu.

Na tafadhali sana: barabara hii inabeba asidi ya sulfuriki, kiberiti cha unga na chokaa kwenda migodini. Mkikuta lori limelala au kitu kimemwagika, msikaribie kuangalia wala kupiga picha. Simameni mbali, upande upepo unakotoka. Tairi ikipita kwenye kimiminika msichokijua, msiishike kwa mikono. Asidi ikigusa ngozi, vua nguo iliyolowa na umwagie maji mengi, dakika 20 bila kukata.

Kinga28

Ndugu Fundi, sisi wa inchi 28 tumesikia, tutalala Luisha bila kinyongo. Swali: tukibeba mipira ya ndani ya akiba, tunaweza kushirikiana na yule wa kinga ya mbio? Na yake imeandikwa 28.

Fundi_wa_Katuba

Swali zuri, na ndilo linalowaacha watu barabarani wakiwa na mpira mpya mkononi.

Usisome inchi, soma namba ya pili iliyochongwa ubavuni mwa tairi. Kinga zenu nzito zimeandikwa 40-635: rimu ina kipenyo cha milimita 635. Ile ya mbio ni 622. Zote dukani zinaitwa 28. Tairi ya moja haikai kwenye rimu ya nyingine hata mkivuta watu watatu. VTT ya inchi 26 ni 559, lakini kuna kinga za zamani za inchi 26 zenye 590. Nazo haziazimani tairi.

Mpira wa ndani una huruma zaidi kwa sababu unanyooka. Wa 635 unaweza kuingia kwenye tairi ya 622 kwa dharura, mradi unene usiachane sana. Mpira wa kinga ya mbio ndani ya tairi nene ya milimita 40 utanyooka hadi uwe mwembamba kama puto, na pancha ya pili inakuja haraka. Kwa watu 12 bebeni mipira sita ya 26, minne ya 28 na miwili myembamba. Tairi nzima za akiba: moja ya 26 na moja ya 635, zikunjwe na kufungwa juu ya mzigo.

Angalieni pia vali. Kinga za inchi 28 mara nyingi zina vali ya kizamani yenye kimpira chembamba ndani. Kimpira hicho kikikauka upepo unatoka polepole na watu wanatafuta tundu lisilokuwapo. Bebeni sentimeta 20 za kimpira hicho, uzito wake si kitu. VTT nyingi zina vali nene kama ya gari. Ya mbio ina vali nyembamba yenye kinati juu, unakifungua kwanza. Pampu ijaribiwe nyumbani kwenye kinga zote 12, moja moja. Pampu mbili kwa kundi, moja kwa kila watu sita.

Fundi_wa_Katuba

Naendelea na ukaguzi. Ufanyike siku mbili kabla, halafu kinga ipigwe kilometa 15 na mzigo wake. Ukibadilisha kitu usiku wa kuamkia safari, barabara ndiyo itakayokifanyia jaribio.

Mnyororo. Weka rula kuanzia katikati ya pini moja, hesabu pini 24 mbele. Mnyororo mpya unatoa inchi 12 kamili, milimita 304.8. Ukizidi kwa milimita 1.5, nunua mpya. Ukizidi kwa 3, meno ya nyuma nayo yameliwa: mnyororo mpya juu ya meno ya zamani utaruka kila unapokanyaga kwa nguvu, na goti linapiga usukani. Hapo badilisha vyote viwili, au viache vyote viwili vya zamani viende pamoja, vimezoeana. Kubadilisha kimoja ndilo kosa.

Mafuta: tone moja kwa kila pini, zungusha pedali mara 30, halafu futa kwa kitambaa hadi nje pakauke. Mafuta yanayobaki nje yanashika vumbi letu jekundu na kuwa msasa. Mafuta machafu ya injini usitumie, yana vyuma ndani.

Wa inchi 28, klaveti. Ile kabari inayoshika mkono wa pedali ndiyo inayoharibu siku ya kwanza kuliko kitu kingine kwenye kinga hizo. Watu wanaikaza kwa nati, na nati haina nguvu ya kuivuta ndani. Nyundo ndiyo inayoiingiza. Nati inaizuia tu isirudi. Weka kipande cha bomba au mti mgumu chini ya mkono wa pedali, kisimame hadi sakafuni, ili pigo lisiende kwenye gololi. Piga mara tatu nne za maana, kaza nati. Baada ya kilometa 20 za kwanza rudia, kwa sababu mzigo umeikalisha upya. Ukisikia «tok» moja kwa kila mzunguko, simama hapo hapo. Ukiendelea, klaveti inajikata ubavu na tundu la mkono linapanuka, na tundu likipanuka halina dawa ya barabarani.

Spoki: zibane mbili mbili kwa vidole kuzunguka gurudumu lote la nyuma. Inayolegea utaisikia. Zinazokatika kwanza ni za nyuma upande wa mnyororo, kwa sababu zinakazwa zaidi ya zile za kushoto na mzigo wote uko juu yao. Bebeni spoki sita za urefu wa upande huo, mmezipima kabla. Kwenye VTT huwezi kuingiza spoki ya upande huo bila kufungua meno ya nyuma, kwa hiyo kifunguzi chake nacho kiwemo. Ikikatika moja na hamna kifunguzi, izungushie jirani yake isipige, legeza freni ya nyuma kidogo, punguza mzigo, endelea. Zikikatika mbili zinazofuatana, mzigo wote uhamie kwa mwenzako.

Upepo wa tairi: 26 nene, bar 3 nyuma na 2.5 mbele. 28 nzito, karibu 4 nyuma. Ya mbio, 6. Kama hamna kipimo, bonyeza kwa kidole gumba ubavuni: nyuma iingie kidogo sana ukiwa umefunga mzigo tayari. Nasema ukiwa umefunga mzigo kwa sababu wengi wanajaza upepo kwenye kinga tupu jioni, asubuhi wanaongeza kilo 12 na tairi inakaa chini.

Keria inashikwa na bolti ndogo za milimita 5. Zinalegea siku ya kwanza, kila safari. Weka nati mbili zikaziane, au nati yenye plastiki ndani. Mzigo mzito uwe chini karibu na ekseli, pande zote mbili sawa. Gunia moja refu juu ya keria linaifanya kinga iyumbe kichwa mkishuka kilima, na kadiri unavyoshika usukani kwa nguvu ndivyo inavyozidi. Ikianza kuyumba, bana mwamba wa juu kwa magoti, freni ya nyuma polepole.

Mfunga_Mkia

Naongeza ya mpangilio, kwa sababu kinga nzima bila mpangilio bado inapoteza watu.

Kila watu sita wawe na mtu wa mbele na mtu wa mkia. Wa mbele si lazima awe mwenye nguvu. Awe anayeweza kushika mwendo mmoja. Wa mkia ndiye awe na nguvu, kwa sababu yeye atasimama kila anaposimama mtu na kulifikia kundi tena. Vifaa vyote na sanduku la dawa viko kwa mkia. Vikiwa mbele, kinachoharibika nyuma kinasubiri mtu arudi kilometa tatu. Hakuna anayepita mbele ya wa mbele, hakuna anayebaki nyuma ya mkia, hata anayekwenda haja.

Wenye inchi 28 wakae nafasi ya pili na ya tatu, nyuma ya wa mbele kabisa. Wakiwekwa mwisho, kila kilima kinawaacha, wanakimbia kuziba pengo, na kukimbia huko ndiko kunakowamaliza.

Umbali kati ya kinga na kinga ni mita 2, na usiweke gurudumu lako la mbele ubavuni mwa gurudumu la nyuma la mwenzako. Yakigusana, anayeanguka ni wa nyuma.

Ishara zikubaliwe kabla ya kutoka. Filimbi mara moja: lori nyuma. Mara mbili: tokeni kwenye lami. Mara tatu: simameni. Shimo linaonyeshwa kwa kidole chini, upande lilipo, na kila mtu anarudisha ishara hadi mkia. Kupiga kelele hakufai, upepo na injini vinameza sauti.

Kutoka kwenye lami kuna namna yake. Ukingo una ngazi, mahali pengine kama kiganja kimesimama. Punguza mwendo, shuka kwa kuukata ukingo, si kwa kuufuata. Kurudi juu: simama, inua gurudumu la mbele, panda. Anayejaribu kurudi akiwa anatembea sambamba na ukingo, gurudumu la mbele linasugua ngazi, usukani unakataa kugeuka, na mtu anaangukia kushoto, ndani ya barabara. Katika ajali zote za ukingo hii ndiyo mbaya zaidi, nawaombeni muifanyie mazoezi mahali pasipo na magari.

Kukutana ni kila kilometa 20, mahali penye uwazi, nje ya lami kabisa. Si kwenye kona, si juu ya daraja, si katikati ya mpando. Kwenye barière (kizuizi cha ukaguzi barabarani) wa mbele ashuke na kusukuma kinga, awe na karatasi ya majina ya wote 12 na nakala tatu, kila mtu na kadi yake ya mpiga kura mfukoni, si chini ya gunia. Kufungua magunia 12 ni nusu saa.

Mgeni_Ruashi

Shikamooni wakubwa. Mie nina VTT, sijawahi kupita kilometa 40. Nisaidieni kwa chakula na maji, na baridi ya asubuhi.

Muuguzi_Kampemba

Marahaba, mwanangu. Kama hujapita 40, wiki tatu kabla fanya 50, halafu 60, halafu 70 na mzigo. Wiki ya mwisho pumzika. Kilometa zinazobaki kundi litakusaidia.

Maji: nusu lita hadi robo tatu kwa saa. Kwa siku nzima ni lita 4 hadi 6. Ondoka na lita 3, nyingine ongezea njiani. Maji ya kisima yawekewe dawa ya klorini kwa kipimo cha pakiti na yasubiri muda ulioandikwa. Usingoje kiu. Asubuhi ya mwezi wa saba ni baridi, hapa kwetu inashuka chini ya digrii 10, na mtu anapita saa mbili bila kunywa kwa sababu hasikii joto. Deni hilo linadaiwa saa 8 mchana.

Maji matupu mengi bila chumvi nayo yanaumiza: kichwa, kichefuchefu, vidole kuvimba hadi pete inabana. Watu wanadhani ni kiu na kumwongezea mgonjwa maji. Asiongezewe, apewe chumvi. Chupa moja kati ya tatu iwe hivi: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu. Ionje, isizidi chumvi ya machozi.

Chakula cha asubuhi ni saa moja na nusu kabla ya kutoka: uji wa mahindi wenye sukari na karanga za kusaga kidogo, au mkate na chai. Njiani kula kila dakika 40, kidogo: ndizi moja, au kipande cha kiazi kitamu kilichochemshwa kiasi cha ngumi. Tangu saa ya kwanza, sio ukiwa na njaa. Nguvu ikikatika kabisa, miguu inatetemeka, mtu anakuwa mkali kwa wenzake au ananyamaza tu. Huyo apewe chai yenye vijiko 5 vya sukari, akae dakika 15, ndipo apande. Karanga nzima ziliwe mkiwa mmesimama, zinachelewa tumboni.

Mchana bukari (ugali) iwe nusu ya kawaida yako, na tomson (samaki) au maharage. Sahani kamili na sombe (majani ya muhogo) yenye mafuta mengi itakulaza. Munkoyo (kinywaji cha mahindi) mpya wa siku hiyo ni mzuri, una nguvu. Uliokaa siku kadhaa umeshakuwa pombe, uuache.

Baridi: gazeti kifuani chini ya koti, soksi mikononi kama huna glavu. Toa gazeti baada ya saa moja, kabla jasho halijalilowesha. Na usivae chupi yenye mshono mnene ndani ya kaptula. Mafuta ya mgando kwenye mapaja kabla ya kutoka, na tena mchana. Kidonda cha siku ya kwanza hakiponi mtu akiwa bado amekalia kiti.

Goti likiuma mbele, kiti kiko chini. Likiuma nyuma, kiko juu. Kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke kamili. Ukikanyaga kwa sehemu pana ya mguu, goti litabaki limekunjika kidogo. Badilisha kwa milimita 5, sio zaidi, halafu nenda kilometa 10 uone.

Mgeni_Ruashi

Aksanti sana mama, nimeandika yote. Yaya Fundi, pancha nimezoea kumpelekea fundi wa barabarani. Nikiwa mbali na mji nifanyeje ishike?

Fundi_wa_Katuba

Kwanza usitoe mpira wote. Kabla ya kuufungua, weka alama ya chaki kwenye tairi mahali vali ilipo. Vuta mpira, jaza upepo hadi unenepe mara mbili, upitishe karibu na mdomo wa juu. Ngozi hapo inasikia hata tundu la sindano. Ukishalipata, pima umbali wake kutoka kwenye vali, rudi kwenye tairi mahali hapo hapo. Kitu kilichotoboa bado kipo.

Kwenye RN1 kitu hicho mara nyingi ni waya mwembamba kama unywele, wa chuma, kutoka kwenye tairi za malori zilizopasuka. Macho hayauoni. Pitisha pamba au kipande cha soksi ndani ya tairi kuelekea pande zote mbili; utanasa nyuzi. Utoe kwa koleo, ukisukuma kutoka nje. Anayebandika kiraka bila kuutafuta atabandika cha pili baada ya kilometa mbili.

Tundu lina maneno yake. Mawili sambamba kama meno ya nyoka: upepo ulikuwa mdogo, rimu ilibana mpira kwenye shimo. Upande wa ndani, unaotazama rimu: kichwa cha spoki au utepe wa rimu umehama. Shinani mwa vali: mpira unateleza ndani ya tairi yenye upepo mdogo, na hapo hakuna kiraka kinachoshika, badilisha mpira.

Kubandika. Sugua kwa msasa sehemu pana kuliko kiraka hadi weusi wake upoteze mng'aro; ule mstari ulioinuka kwenye mpira uusawazishe kabisa, upepo hupita chini yake. Usiguse tena kwa kidole. Gundi nyembamba, nayo pana kuliko kiraka. Ngoja. Dakika 3 hadi 5, hadi gundi isiwe na unyevu wala kung'aa. Hapa ndipo haraka inaharibu: gundi ikiwa mbichi kiraka kinateleza, na jua la mchana linakiinua kingo. Bandika, bonyeza kutoka katikati kwenda nje kwa mpini wa bisibisi, dakika mbili. Usijaze upepo nje ya tairi ili kujaribu, mpira ukinyooka bure kiraka kinavutika. Rudisha ndani, jaza.

Barabarani, na malori hayo, ni bora kuweka mpira mzima wa akiba kwa dakika 10 na kuviacha viraka vyote vya jioni.

Kinga28

Na jioni Luisha tukifika, tuanze na nini? Watu watataka kulala tu.

Mfunga_Mkia

Kinga kwanza, kabla mwili haujapoa na kukataa kuinama. Dakika 20 zinatosha. Bolti za keria zote. Klaveti zenu, nyundo tena. Spoki za nyuma kwa vidole. Freni: raba zisiwe zimehama zikagusa tairi, na vumbi lililogandamana juu yake likwanguliwe kwa kisu, hilo ndilo linalokula rimu. Viraka vya mchana vibandikwe, mipira ikunjwe na alama, mizima upande mmoja na mibovu upande mwingine.

Halafu kula ndani ya saa moja, kufua kaptula na kuianika upande wa upepo. Isipokauka usiku, asubuhi vaa ya pili, ile mbichi ifungwe juu ya mzigo.

Dereva_RN1

Na kinga zifungwe pamoja ndani ya ua, si kando ya barabara. Malori yanaegesha usiku pale na yanarudi kinyumenyume gizani.

Fundi_wa_Katuba

Nimeongeza kwenye orodha ya vifaa: nyundo ya gramu 500 na kipande cha bomba la sentimeta 25 kwa ajili ya klaveti, vibebwe na mkia wa kundi lenye inchi 28. Kinga28, pima urefu wa bomba kutoka kwenye mkono wa pedali hadi chini ukiwa na mzigo juu, uniandikie hapa. Kama ni zaidi ya 25 nitakata jingine.